Mlo wa Khantoke Chiang Mai: Mwongozo Kamili wa Kukaa, Kula na Kutazama Ngoma Bila Kujuta

Kila msimu napigiwa simu zilezile. Mtu amekwenda Bangkok kufuata nguo Pratunam au kumpeleka mzazi hospitali, akabakiwa na siku mbili, akapanda ndege ya saa moja na dakika chache kwenda Chiang Mai kwa sababu nilimwambia asiondoke bila kula khantoke. Anarudi kanuna. "Kaka, miguu ilikufa ganzi." "Kaka, tuliwekwa nyuma ya nguzo." "Kaka, mbona hukuniambia kuna kitimoto?"

Nimeshachoka kujibu mmoja mmoja. Khantoke ni meza fupi ya duara, ya mbao au henzirani, urefu wake haufiki goti, ambayo watu wa kaskazini mwa Thailand huipanga vibakuli vya kitoweo na kuizunguka wakiwa wamekaa chini. Jioni ya khantoke ni mlo huo pamoja na ngoma za asili jukwaani. Nikisema sinia lenye mguu, mtu wa pwani ameshanielewa.

Wengi huharibu mambo kabla hata ya kufika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Nafasi iliyothibitishwa, yenye jina lako, saa, idadi ya watu na aina ya chakula. Iwe kwenye simu, na picha yake pia, intaneti isije ikakuangusha mlangoni.
- Baht taslimu. Kiingilio cha mtu mmoja kwa kawaida ni mamia kadhaa ya baht, mara nyingi hakifiki elfu. Juu yake weka nauli na bakshishi. Noti za 20 na 100 ndizo zitakazokusaidia.
- Karatasi iliyoandikwa Kithai kuhusu usichokula. Mwombe mtu wa mapokezi hotelini akuandikie, dakika mbili tu.
- Nguo pana. Dera, kanzu, baibui, suruali iliyolegea. Jinzi ya kubana itakutesa saa mbili nzima.
- Kanga au kitenge cha kufunika magoti ukikaa. Wanaume nao kikoi si vibaya.
- Viatu vya kuvua haraka, na soksi zisizo na tundu.
- Sweta, ukienda Desemba au Januari. Usiku huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi, na kumbi nyingi ziko wazi.
- Dawa ya mbu.
- Tumbo lenye nafasi, ila lisiwe tupu kabisa. Mwenye njaa kali ndiye anayeharibu hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Chagua jioni na ukumbi

Novemba hadi Februari hewa ni nzuri na watu ni wengi. Mwezi mpevu wa Novemba, kwa kawaida, ndio wa sikukuu ya Yi Peng, ile ya kurusha taa angani. Siku hizo usitarajie kupata nafasi kwa kubahatisha. Kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi unakaa bondeni, na ukumbi wa wazi haukufai kama una pumu. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wa Kithai: utamwagiwa maji njiani, hivyo nguo nzuri ziache sandukuni.

Kuhusu ukumbi, uliza mambo mawili tu. Je, viti vipo kwa asiyeweza kukaa chini? Je, jukwaa liko ndani au uwanjani? Kumbi nyingi zina meza na viti pembeni, au shimo chini ya meza ambamo miguu huning'inia. Ukiwa na mzee au mtu mwenye goti bovu, omba mapema. Ukumbi unaojulikana zaidi ni Old Chiang Mai Cultural Center, Barabara ya Wualai, kusini mwa mji mkongwe.

## Hatua ya 2: Weka nafasi, na limalize suala la nguruwe hapohapo

Hapa sitapunguza maneno, maana ndipo wasomaji wengi Waislamu wanapoumia.

Chakula cha kaskazini mwa Thailand kimejengwa juu ya nguruwe. Si sahani moja, ni karibu nusu ya sinia. Na hakijitambulishi. Angalia:

Gaeng hang le ni mchuzi mzito wa tangawizi, ukwaju, vitunguu saumu na viungo vilivyotoka upande wa Burma. Hauna nazi. Harufu yake itakukumbusha jikoni kwa shangazi Unguja. Nyama yake ni nguruwe, tena ile yenye mafuta.

Nam prik ong ukiitazama utaapa ni kima ya ng'ombe iliyopikwa na nyanya. Ni nguruwe wa kusaga.

Kaep mu ndiyo inayowaponza watu wazima na akili zao. Inafanana na papadi zilizojikunja, nyepesi, inalia kwa meno. Watu huidhani ni vitafunwa vya unga. Ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa hadi ikafura.

Sai ua, soseji iliyoviringishwa yenye mchaichai na pilipili, nayo ni hivyohivyo.

Kwa hiyo unapoweka nafasi, usiandike "tafadhali chakula kizuri". Andika kwamba hamli nguruwe, ukaulize wana sinia la halali au la mboga. Kumbi nyingi zimezoea ombi hilo na huandaa sinia tofauti. Mezani sema "mai kin mu", yaani sili nguruwe, ukimalizia na *khrap* kama ni mwanamume au *kha* kama ni mwanamke. Asiyekula nyama kabisa aseme *mangsawirat*.

Onyo: sinia lisilo na nguruwe si lazima liwe limetoka jiko lisilo na nguruwe. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yaleyale. Kama hilo ni zito kwako, uliza waziwazi, na jibu lisipokuridhisha kula kwanza mtaa wa Ban Haw, karibu na soko la usiku. Pale pana msikiti wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na vyakula vya halali vimeuzunguka, ikiwemo khao soi, tambi za mchuzi wa nazi. Halafu nenda ukumbini kwa ajili ya ngoma, matunda na wali.

Wenye mzio nao wasikilize. Gaeng hang le mara nyingi huwa na karanga: sema "phae thua lisong". Baadhi ya pilipili za kuchovya zina uduvi uliochachushwa, na maji ya samaki yamo karibu kila mahali, hata kwenye mboga.

Jambo la mwisho kabla hujamaliza: omba nafasi ya mbele au ya pembeni yenye mwonekano wazi. Nafasi za mbele hutolewa kwa aliyewahi kuomba, hazitolewi kwa aliyewahi kufika. Nguzo ile ya walionipigia simu, mimi mwenyewe nilikaa nyuma yake mara ya kwanza. Niliona mkono mmoja wa kila mchezaji.

Utajua umefaulu ukipokea jibu lililotaja kwa maandishi chakula chako maalumu. Kama jibu linasema tu "karibuni", bado hujamaliza.

## Hatua ya 3: Saa na usafiri

Mlo huanza kwenye saa moja usiku, ngoma hufuata nusu saa hadi saa moja baadaye. Jaza fomu kwa 19:00, usiandike "saa 1". Kuna mtu alisubiriwa mchana.

Cha kufurahisha ni kwamba Mthai akizungumza Kithai cha kawaida, saa yake ya usiku inahesabika kama yetu. Saa 19:00 kwake ni *nueng thum*, thum moja. Saa 20:00 ni *song thum*, mbili. Ukimweleza dereva kwamba kwenu pia ni hivyo, safari inakuwa fupi.

Panda *rot daeng*, gari jekundu lenye mabenchi mawili yanayotazamana. Aliyeishi Dar enzi za chai maharage ataingia bila kufundishwa. Patana bei kabla hujapanda, au tumia Grab, programu ya simu ya kuita gari. Fika dakika 20 kabla. Jumamosi ongeza muda zaidi, kwa sababu sehemu ya Barabara ya Wualai hufungwa kwa ajili ya soko la usiku.

## Hatua ya 4: Vua viatu, kaa vizuri

Viatu huachwa nje ya jukwaa la kukalia. Piga picha ya pale ulipoviacha. Najua inachekesha; fanya tu.

Utakuta mikeka, na takia ngumu za pembetatu. Takia hilo ni la kuegemea, ubavuni au mgongoni. Ukilikalia watakuvumilia kwa tabasamu, lakini utakuwa umekalia mto wa watu.

Sasa miguu. Nyayo ndiyo sehemu duni ya mwili kwao, kichwa ndicho cha juu. Kunyoosha miguu ikaelekea jukwaa, mtu mwingine au sanamu ya Buddha ni utovu wa adabu. Namna yao ya heshima ni kukunja miguu yote upande mmoja, kama mama zetu wanavyokaa mkekani kwenye maulidi. Wanaume wengi hukunja miguu mbele, nako hakuna tatizo.

Siri ya kutokufa ganzi ni kubadilisha upande kila baada ya dakika kumi, kabla hujasikia maumivu. Ukisubiri maumivu umechelewa. Egemeza mgongo kwenye takia, funika magoti na kanga, kisha badilisha chini ya kanga bila mtu kukuona.

Ukipewa salamu ya viganja viwili vilivyokutanishwa kifuani, rudisha hivyohivyo na uinamishe kichwa kidogo. Mhudumu aliyekuzidi umri mwite *phi*, mdogo wako mwite *nong*. Ni dada, kaka na mdogo wangu zetu zilezile.

## Hatua ya 5: Lisome sinia kabla hujagusa

Sinia moja ni la kundi zima. Litakuja na vibakuli vitano au sita: mchuzi, pilipili za kuchovya, kuku wa kukaanga, kabichi iliyokaangwa, mboga za kuchemsha, wakati mwingine tambi nyembamba tamu zilizokaangwa zikakauka. Pembeni, kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko. Ndani yake ni *khao niao*, wali wa kunata.

Tenga kwa macho kipi unakula na kipi huli. Bakuli lenye nguruwe likija kwa bahati mbaya, usilisogeze kimyakimya. Mwite mhudumu, mwonyeshe karatasi, abadilishe.

Pilipili ya kijani inaitwa nam prik num. Ni pilipili ndefu zilizochomwa pamoja na vitunguu na vitunguu saumu, zikatwangwa kwenye kinu. Kumbi za wageni huipunguza makali, lakini anza na ncha ya kidole. Ikikuwasha usikimbilie maji, kula wali mtupu.

## Hatua ya 6: Mega tonge, polepole

Hapa sisi tuna faida kuliko wageni wengine wote ukumbini. Wazungu wanahangaika na kijiko. Wewe umekulia kwenye tonge.

1. Nawa mkono, ukaushe. Wali huu hujishika wenyewe kwa wenyewe, haung'ang'anii kidole kikavu.
2. Fungua kikapu, mega kiasi cha zabibu kubwa, kisha funika tena. Ukiacha wazi, upepo unaukausha na baada ya dakika kumi unatafuna mpira.
3. Finyanga kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia. Tonge la ugali hujaza kiganja. Hili liishie vidoleni.
4. Libonyeze kidogo, lichovye kwenye pilipili au ubanie kipande cha mboga, tia mdomoni.
5. Mchuzi mwepesi una kijiko chake. Usichovye tonge kwenye bakuli la supu la watu wote.

Kosa kubwa la watu wetu, na langu pia mara ya kwanza, ni kula kama vile chakula kitaisha. Hakitaisha. Katika kumbi nyingi wahudumu hupita na kuongeza, bila malipo ya ziada, hadi wewe useme basi. Mimi nilifuta sinia kwa robo saa, wakaongeza, nikaona aibu kuacha, nikala tena. Taa zilipopunguzwa kwa ajili ya ngoma ya mishumaa nilikuwa nasinzia juu ya takia, jasho linanitoka.

Kula theluthi moja kabla ya ngoma. Nyingine iende na ngoma. Wakija kuongeza na hutaki, sema "im laew", nimeshiba. Ukitaka wali zaidi: "kho khao niao ik". Na ukitaka waliopika wacheke kwa furaha, acha Kithai cha Bangkok, sema kwa lugha ya kaskazini: "lam khanat", tamu kwelikweli.

Utajua unakwenda sawa kama ngoma ya kwanza inaanza na kikapu chako bado kina wali.

## Hatua ya 7: Jua unachokitazama

Malalamiko mengine ninayoyapata: "Wanacheza polepole mno." Ndugu yangu, umekwenda ukitarajia sindimba. Ngoma za kaskazini huitwa *fon*, na fon haichezwi kwa kiuno. Aliyewahi kuona lelemama, wanawake wamejipanga mstari, mikono ikinena kuliko miguu, yuko karibu zaidi na jambo hili. Tazama mikono.

Fon lep, ngoma ya kucha, ndiyo inayostahili macho yako yote. Wachezaji huvaa kucha ndefu za shaba kwenye vidole vinane, gumba zikiachwa wazi. Chagua mchezaji mmoja, tazama mkono wake mmoja. Kiganja kinageuka taratibu, vidole vinapinda kwenda nyuma kuliko unavyodhani mfupa unaruhusu, na kucha zinakamata mwanga zikiwa zimechelewa nusu pumzi nyuma ya mkono. Kisha inua macho utazame mstari mzima: kucha zote zimefika pembe ileile kwa pamoja. Hapo ndipo kazi ilipo.

Fon thian ni miondoko ya jamaa hiyohiyo, ila kucha zimebadilishwa kwa mishumaa na taa za ukumbi zimepunguzwa. Zima mwanga wa simu yako. Mtu mmoja mwenye tochi anaweza kuwaharibia watu mia.

Fon sao mai huiga uvutaji wa nyuzi za hariri. Ukijua hilo, mikono inayovutwa na kuzungushwa kifuani inaanza kusomeka. Fon dap ni ya panga, na hapo hatimaye utaona kasi. Kumbi nyingi huongeza ngoma za makabila ya milimani kama Wahmong, Walahu na Waakha. Wakati mwingine hizo huchezwa baada ya onyesho kuu, sehemu nyingine ya uwanja. Watu hudhani mambo yamekwisha, wanavaa viatu. Uliza mapema kama kuna sehemu ya pili.

Sikiliza pia ala. *Sueng* ni ya nyuzi, hupigwa kwa kudonoa. Mpenzi wa gambusi atageuza shingo. *Salo* husuguliwa kwa upinde. Ngoma ndefu na gong, zile sahani za shaba zinazogongwa, ndizo zinazotetemesha mkeka.

## Hatua ya 8: Kuingia duarani, na kutoa pesa

Mwishoni wachezaji hushuka na kualika wageni kwenye *ramwong*, ngoma ya duara. Akikuinamia kwa viganja viwili, rudisha salamu, ingia. Mkono ni rahisi: kutanisha gumba na kidole cha shahada, vitatu vilivyobaki vifunguke kama upepeo, kisha geuza. Fuata aliye mbele yako. Usimshike mchezaji kiuno au bega, wala usimguse kichwani.

Sasa onyo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha wageni, kwa sababu linatuhusu sisi. Usitunze kama kwenye taarabu. Kule kwetu ukifurahi unapanda jukwaani na noti, unaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji, au unamrushia. Huku kichwa ni kitakatifu, na noti ina picha ya mfalme. Ikianguka ikakanyagwa, umekosea mara mbili, na sheria yao juu ya kumvunjia mfalme heshima haina mzaha. Tafuta kisanduku cha bakshishi, au mkabidhi mtu mkononi, kwa mkono wa kulia, onyesho likiisha.

Mlangoni unaweza kupigwa picha na wachezaji, kisha ukaletewa imeshachapishwa inauzwa. Kama huitaki, tabasamu na useme "mai ao khrap" au "mai ao kha". Hakuna atakayekasirika.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Usiinuke ghafla. Nyoosha miguu chini ya kanga kwanza, hesabu hadi ishirini, damu irudi, ndipo usimame. Nimemwona mtu mzima akianguka juu ya sinia la jirani.

Dereva wa kurudi mpange wakati wa kuja, maana watu wote hutoka kwa pamoja na bei hupanda mlangoni. Kisha fungua ile picha ya viatu. Mara ya kwanza mimi sikuwa nayo. Nilirudi hotelini na ndala za mtu mwingine, mguu wa kushoto namba 40, wa kulia namba 38.